Ruka Salamu

Levolosi, Arusha
6 Mei 2024

Dada Eunike,

Shikamoo. Nimeiandika kabisa na kuipigia mstari, usije ukasema mji umenila adabu.

Barua yako jirani yetu Anneth ameniletea juzi alipoleta ndizi sokoni. Barua! Mwaka huu! Nimemwonyesha Oscar, mwenzangu wa kibandani, akacheka mpaka akaacha kulehemu. Umeandika mistari mitatu tu: "Simu yako inajijibu yenyewe. Meseji nazo zinajibiwa zenyewe. Naandika nione kama na hii itajijibu." Haijajijibu, dada. Ni mimi mwenyewe, Brayson Sumari, fundi wa mafundi, chalii ambaye simu ikifa Arusha nzima inaletwa kwake kabla haijazikwa. Kalamu nimeazima kwa muuza vocha.

Sasa kaa nikueleze, maana umegombana na uvumbuzi wangu kabla hamjatambulishwa. Huyo aliyekujibu anaitwa Karani. Nimemtengeneza mimi. Haya, yale mambo ya kompyuta aliyaandika Oscar, maana yeye kamaliza chuo na mimi nimeishia kidato cha pili. Lakini wazo ni la nani? Oscar anajua kompyuta, watu hawajui. Mimi nakaa kibandani kutwa nasikia watu wetu wanavyopiga simu. Hujambo? Sijambo. Watoto? Wazima. Mvua? Inanyesha. Yule ndama? Anasimama sasa. Na bibi? Na jirani? Salio linayeyuka, halafu mwisho wa yote: "Nilikuwa naulizia bei ya chaja." Nikamwambia Oscar, mwanangu, tutengeneze kitu cha kumeza hizo salamu.

Basi ukinipigia, Karani anapokea kwa sauti yangu hii hii tamu: "Ruka salamu, sema shida. Una sekunde ishirini." Ukisema shida, naipata, nasikiliza nikitulia. Ukisalimia mpaka muda ukaisha, anakukata na kukutupa kwenye kapu linaloitwa Salamu Tu. Hilo kapu silifungui. Upo humo, dada yangu, na kwaya yako yote ya usharikani, mmebanana.

Usinune. Watu wanamgombania Karani. Kinyozi anaye, fundi viatu anaye. Mama Silantoi wa vitenge amesema tangu nimwekee anakula chakula kikiwa cha moto, mama mkwe wake yuko kapuni.

Mzee Sumari hajambo? Naandika "Mzee Sumari" kwa sababu ndivyo nilivyoruhusiwa. Ulikuwepo siku ile nilipoacha shule, na Baba Mkubwa Nathanaeli alikuwepo, na majirani wamejaa uani: "Kuanzia leo usiniite baba." Mimi ni mtoto mtiifu. Mwaka wa tatu huu sijamwita.

Mdogo wako,
Brayson, Mvumbuzi


Kikwe
12 Mei 2024

Brayson,

Marahaba. Uvumbuzi wako nimeuelewa. Hata kabla hujaueleza, Baba alishakutana nao.

Jumatano aliniomba simu. Unajua anavyofanya: alivaa kofia kwanza, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, kama mtu anayepokea mgeni. Nikakupigia, nikampa. Akasikiliza yale maneno ya "ruka salamu". Akaniangalia.

"Huyu ni Brayson?"

"Ndiyo Baba, ni sauti yake."

"Amenikataza nisimsalimie?"

Nikamwambia ni mashine. Akasema mashine haijifundishi adabu yenyewe. Hata hivyo akakusalimia, ikamkata. Ijumaa akarudia, ikamkata tena. Alivua kofia akaenda kutazama mfereji, ingawa zamu ya maji haikuwa yetu.

Nikuambie anachotaka, japo si kazi yangu kukisema. Anataka kuliondoa neno lile. Amekaa na Baba Mkubwa wakaongea. Baba Mkubwa amesema ni vile vile siku zote: neno lililotamkwa mbele ya watu linaondolewa na mdomo uliolitamka, na yule aliyekatazwa anajibu kwa kulifanya alilokatazwa. Baba aseme "niite", wewe umwite, basi limekwisha. Halitumwi kwa mtu. Ningeweza kulibeba ningeshalibeba.

Njoo Jumapili moja, baada ya ibada. Kutoka Levolosi mpaka hapa si safari ya kuaga watu.

Baba hajambo. Kifua kinamsumbua kidogo kwa baridi hii. Mvua imelaza mahindi ya upande wa chini, na mlima hatujauona wiki nzima.

Dada yako,
Eunike


Levolosi
17 Mei 2024

Dada Eunike,

Shikamoo. Kwanza nimecheka hapo pa kofia. Pili sikucheka sana.

Lakini dada, tuongee haki. Mimi nilikatazwa mbele za watu, na gunia la nguo begani. Mama Sia jirani alikuwa amesimama na ndoo yake, hata maji aliacha yamwagike ili asikie vizuri. Sasa anayetaka kuliondoa neno anataka mimi ndiye nipande gari, nikanyage tope la Kikwe, nifike nimejiinamia kama niliyeiba kuku. Na nikifika mlangoni nabisha hodi kwa nani? Nimwite nani, jirani?

Tena siwezi Jumapili hizi. Kuna maonyesho ya vijana wabunifu hapa mjini, mwisho wa mwezi, ukumbi mkubwa wenye viyoyozi. Oscar amejaza majina yetu. Jina langu limetangulia, nimehakikisha. Kutwa tunamnoa Karani. Sasa hivi akisikia "shikamoo" ya pili tu anajua mtu huyu hana jambo.

Mwambie Mzee Sumari hivi, mwambie kwa heshima zote: njia iko wazi. Apige, aruke salamu, aseme. Sekunde ishirini zinamtosha na chenji inabaki. "Niite baba" haichukui hata sekunde tatu. Nimepima.

Kifua apake ile dawa ya kuchua, na aache kwenda mferejini asubuhi.

Brayson
(Mbunifu namba moja, banda la pili kushoto ukiingia)


Kikwe
27 Mei 2024

Brayson,

Njoo.

Nimekatazwa kuandika zaidi, na unajua aliyenikataza. Usisubiri Jumapili. Usisubiri maonyesho. Njoo tu, mdogo wangu, kama vile unakuja kuangalia ndizi.

Eunike


Levolosi
31 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako ni fupi kuliko meseji ya mtandao wa simu. Ndizi zina nini? Ungeandika "Brayson nimekumisi" ningekuelewa. Wewe tangu nikiwa mdogo ukitaka nirudi nyumbani unaita "njooo" hivyo hivyo bila kusema kuna nini, nikifika nakuta ni kuokota kuni.

Sasa shika kitu, usianguke: TUMESHINDA. Si wa kwanza, wa pili, lakini wa kwanza alikuwa na mashine ya kukausha mboga, na nani atashindana na mboga? Nilisimama jukwaani na shati la Oscar. Nikamwita mtu mmoja katika ukumbi apige namba yangu. Akajitokeza baba mtu mzima, wa heshima zake, akaanza: "Hujambo kijana, za masiku, wazazi hawajambo..." Karani akamkata hapo hapo! Ukumbi mzima ulilipuka. Wengine walishika mbavu. Yule baba naye akacheka, lakini akabaki ameishika simu, anaitazama.

Hapo ndipo nikamkumbuka Mzee. Sijui kwa nini nakuambia.

Basi nimeamua. Jumamosi ya tarehe nane nakuja. Tena nimelijaribu lile neno hapa kibandani, peke yangu, nikijifanya naongea na simu mbovu. Linakwama kooni kama ugali wa jana. Oscar akanisikia, akauliza, "Unamwita nani?" Nikamwambia asiingilie mambo ya watu wa Meru.

Mwambie Jumamosi. Avae hiyo kofia.

Brayson


Levolosi
24 Juni 2024

Dada Eunike,

Shikamoo. Nilirudi mjini salama. Nimekaa wiki nzima bila kufungua kibanda. Oscar ananiletea chai, inapoa, anaichukua.

Naandika kwa sababu pale nyumbani hatukuongea. Watu walikuwa wengi, wewe ulikuwa jikoni na akina mama, mimi nilikuwa nabeba viti vya turubai la msiba. Ulinipitia mara moja tu ukanishika mkono, ukasema, "Baba hakuwa na neno na wewe." Halafu ukaenda.

Nataka ujue nilivyopata habari. Ilikuwa Alhamisi. Anneth alikuja kibandani siku ambayo si ya soko, tena hana ndizi. Sikuhitaji kingine. Alisema tu, "Funga, twende." Njia nzima ananiongelesha habari za mbolea. Nami namjibu habari za mbolea. Najua desturi, mtu haambiwi kitu akiwa njiani. Kumbe hata ile "njoo" yako ilikuwa hivyo hivyo, na mimi nikaandika habari za kuni. Uliyesoma kidato cha nne ukaandika kwa Kiswahili cha watu wetu. Mimi ndiye niliyejifanya sikisikii.

Jana nimefungua kapu la Salamu Tu. Sijawahi kulifungua tangu tulitengeneze. Dada, kuna watu wengi mle. Mwenye nyumba wangu wa zamani yumo, ananijulia hali. Mwalimu wangu wa darasa la saba yumo. Sikujua kuna watu wananijulia hali.

Kwenye namba yako Baba yumo mara tatu.

Ya kwanza: "Amenikataza nisimsalimie? ... Haya. Hujambo kijana. Mimi hapa ni..." Imekatwa.

Ya pili: "Hujambo kijana. Sisi hatujambo, kifua tu. Mvua imelaza mahindi lakini yatasimama. Na huko kwenu mvua..." Imekatwa.

Ya tatu ni ya tarehe ishirini na tano Mei, siku mbili kabla ya barua yako ya "njoo". Sauti imeshakuwa ndogo. "Hujambo Brayson. Habari za kazi. Na huyo mwenzako hajambo? Mimi nimeambiwa niwe mfupi. Nimejitahidi. Sasa..."

Basi. "Sasa", halafu anavuta pumzi, halafu imekatwa.

Nimeisikiliza mpaka Oscar akaja kuninyang'anya simu. Ameniambia alichonacho Karani ni hicho tu, hakuna kilichofichwa nyuma yake. Lakini wewe ulikuwa umekaa pale. Baada ya "sasa" Baba alisema nini? Niambie kama kilivyokuwa. Usinipunguzie.

Brayson


Kikwe
1 Julai 2024

Mdogo wangu Brayson,

Umeniambia nisikupunguzie. Nimeichana barua moja ambayo ilikupunguzia. Hii ndiyo ya kweli.

Ile barua yako ya maonyesho, yenye sekunde tatu, Baba alitaka nimsomee. Alikuwa ameshalala kitandani siku kadhaa, dispensari walishasema apelekwe hospitali kubwa na yeye akasema bado. Nilisoma. Nilipofika pale nikaruka. Akasema, "Umeruka kitu." Nikasoma. Akacheka kidogo, kikohozi kikamshika. Akasema, "Amepima." Nilitaka nikuambie anaumwa. Akanikataza. Alisema, "Akija kwa ajili ya ugonjwa, amekuja kwa ugonjwa. Mimi nataka aje kwa jina."

Tarehe ishirini na tano akaomba simu. Nikamwinua kwa mito. Kofia akataka, nikamvalisha. Nilimwambia, Baba, usisalimie, sema jambo. Alijaribu, Brayson. Lakini yeye hawezi kumwambia mtu jambo zito bila kumjulia hali kwanza. Aliniambia mwenyewe, ni kama kuingia kwa mtu kwa dirishani. Kwa hiyo alisalimia kwa haraka, kama anayekimbia. Alipofika kwenye "sasa", nikaona kioo cha simu kimezima.

Yeye hakujua. Sikio lile halisikii vizuri, hakusikia mlio. Akaendelea.

Alisema: "Sasa. Neno nililokuambia siku ile nililisema kwa hasira, na kwa hofu. Niliogopa mji. Uliondoka hukugeuka, nami nilisimama pale getini mpaka ng'ombe wakarudi. Naliondoa. Mbele ya dada yako naliondoa. Niite baba."

Akakibana kile kisimu sikioni, akasubiri.

Ningemgusa bega. Ningesema, Baba, imekata, tupige tena. Nilinyoosha mkono. Nikaogopa. Niliona amelisema lote, limetoka, na pumzi ile sikuwa na hakika kama anayo nyingine ya kulirudia. Nikajiambia nitakuandikia uje haraka, utamwita kwa mdomo wako, yataisha, wala hatajua kwamba simu ilikatika. Nikaacha.

Alisubiri sana. Kisha akanipa simu na kusema, "Hajaniita."

Hakukuchukia. Alisema, "Ana haki, nilimkataza mwenyewe." Nikaandika "njoo". Barua yako ya Jumamosi ya tarehe nane ilifika Jumanne. Nilimsomea sikioni, na lile neno lililokwama kooni nikamsomea. Sijui kama alisikia. Alikuwa anapumua tu kwa wakati huo. Alhamisi alfajiri akatutoka.

Nimemuuliza Baba Mkubwa Nathanaeli. Amefikiri sana. Amesema, "Upande wa mdogo wangu limeondoka, kwa sababu wewe ulisikia. Upande wa kijana halijajibiwa." Nikamuuliza linajibiwaje sasa. Akasema hajawahi kuona jambo hili, hakuna mtu wa kabla yetu aliyeondoa neno kwa simu, na hataki kunidanganya.

Sasa unajua. Hata mimi nina langu. Kila nikinyoosha mkono kuchukua kitu mezani naukumbuka.

Eunike


Levolosi
9 Julai 2024

Dada Eunike,

Shikamoo.

Nilikukasirikia siku tatu. Nakuambia ili isikae. Nilisema, alikuwa na mkono, alikuwa pale, bega lilikuwa karibu. Siku ya nne hasira ikaisha, maana kila nilipofika kwenye bega lako nilikuwa nimepitia kwanza sekunde zangu. Wewe uliogopa kumkata Baba. Mimi nilitengeneza kitu cha kumkata, nikakipeleka ukumbini, nikapigiwa makofi.

Karani nimemtoa kwenye simu yangu. Sasa inalia kama simu za watu. Nikapita kwa wateja wote kuwaomba niwatolee na wao. Kinyozi amekubali. Fundi viatu kasema nimrudishie kwanza siku zote alizokuwa na amani. Mama Silantoi amekataa kabisa: "Wewe kijana, ulinitibu, sasa unataka kunirudishia ugonjwa?" Nimemuuliza, mama, mkweo ana miaka mingapi? Akasema mambo ya mkwe wake si ya fundi simu. Nikampigia ili aone ubaya wake, na nikaisikia sauti yangu mimi mwenyewe ikiniambia niruke salamu. Dada, ile sauti inajiona sana. Nilitaka kumpiga kofi huyo chalii.

Kwa hiyo yupo bado, kwenye simu za watu ambao siwezi kuwalazimisha. Oscar anasema kuna kampuni ya mjini imemwandikia, inataka kumnunua Karani. Nimemwambia jina langu alitoe. Hakuamini, ananijua nilivyo na jina langu.

Jumamosi nakuja. Usipike kitu. Mwambie Baba Mkubwa asitafute maneno ya kunifariji wala kanuni. Alichosema kinanitosha: halijajibiwa. Mwambie Mama Sia na majirani waliokuwepo siku ile waje wasimame pale migombani, karibu na kaburi. Walisikia nikikatazwa, wanisikie nikiita.

Kwanza nitamsalimia. Nitamjulia hali, nimwambie habari za mvua ya huku, na za kazi, na za Oscar, yote aliyoniuliza, bila haraka. Halafu nitamwita.

Nikishamwita nitanyamaza, nisubiri kama alivyosubiri yeye. Sijui itakuwa kwa muda gani. Watu wakianza kuondoka waache waondoke. Wewe usijibu kwa niaba yake, dada. Na usiniguse bega.

Brayson